Kiatu si msamaha

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, mwanamichezo aliyepatikana na hatia ya kutesa wanyama anastahili kusamehewa na kurudishiwa mikataba ya matangazo? Nimelisoma mara kadhaa, na kila mara kineno "na" kilichoko katikati kimenikwaza. Mmeviunganisha vitu viwili kana kwamba ukishamsamehe mtu, basi na tangazo la viatu ni haki yake. Mimi naona ni mambo mawili, na kila moja lina mwenyewe. Kuhusu kumpokea mkosaji nimebadilisha msimamo kadiri miaka ilivyopita. Kuhusu matangazo sijabadilika.

Huwezi kulijibu swali hili bila kumtaja Michael Vick. Alikuwa mrushaji mpira wa Atlanta Falcons katika kandanda ya Kimarekani, mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2001, na Desemba 2004 alitia saini mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 130. Aprili 2007 polisi waliingia kwenye nyumba yake huko Surry, jimbo la Virginia, kando ya barabara iitwayo Moonlight Road. Nyuma ya nyumba walikuta mabanda yaliyopakwa rangi nyeusi, mbwa zaidi ya 50 na vifaa vya kuwapiganisha. Mwanzoni alikana. Alimwambia hata kamishna wa ligi kwamba hahusiki. Wenzake watatu walipokiri mmoja baada ya mwingine, ndipo naye akakiri, Agosti mwaka huohuo. Katika maelezo ya kesi imeandikwa kwamba mbwa 6 hadi 8 walioonekana hawafai kupigana waliuawa, baadhi yao kwa kunyongwa na wengine kwa kuzamishwa majini. Desemba akahukumiwa miezi 23 jela.

Wanaomtetea hupenda kusema kuteleza si kuanguka. Nakubaliana na methali, lakini si hapa pake. Anayeteleza ni mtu aliyekuwa akienda zake, mguu ukamponyoka. Shughuli ya Moonlight Road ilianza 2001 na ikaendelea hadi polisi walipobisha hodi. Katika miaka hiyo 6 eneo lilinunuliwa, mabanda yakajengwa, mbwa wakafunzwa na kusafirishwa kwenda kupigana majimbo mengine, na kundi likapewa jina, mpaka likachapishiwa fulana. Huko si kuteleza. Msamaha wowote unaotaka kudumu uanze kwa kuliita jambo kwa jina lake.

Sasa, anayesamehe ni nani? Msamaha ni mali ya aliyekosewa. Mtu akiniibia mimi, wewe huna uwezo wa kumsamehe kwa niaba yangu. Mbwa aliyezamishwa majini tutamuuliza wapi?

Niliwahi kumlea mbwa aliyekuwa akipigwa na mtu aliyemfuga kabla yangu. Alikaa nami miaka 9. Hadi anakufa, kila nilipovua mkanda jioni alikuwa akijikunyata chini ya meza na kutetemeka, halafu baadaye anakuja kunilamba mkono kana kwamba mwenye kosa ni yeye. Hilo la kunilamba mkono ndilo lililokuwa likiniumiza zaidi. Ndiyo maana nakereka nikisikia watu wakisema mbwa wa Vick wenyewe wameshasamehe, sisi ni nani hata tukatae.

Habari za mbwa hao nazijua vizuri, kwa kuwa ndizo zilizonigeuza. Walipokamatwa, hata mashirika makubwa ya kutetea wanyama yalisema wauawe tu, kwamba mbwa aliyezoeshwa kupigana hafai tena kuishi na watu. Ikaamuliwa kila mbwa apimwe peke yake. Mwishowe mbwa 47 wakakabidhiwa mashirika mbalimbali, na Vick akatakiwa kutoa zaidi ya dola 900,000 za kuwatunza. 22 walipelekwa kwenye hifadhi ya Best Friends huko Utah, 10 wakachukuliwa na BAD RAP ya California. Kwenye karatasi za kesi walikuwa namba tu. Huko ndiko walikopewa majina. Georgia alifika akiwa hana hata jino moja. Waliomtunza waliamini aling'olewa ili asiweze kuwauma madume aliolazimishwa kuzaa nao. Lucas, aliyekuwa bingwa wa mapigano, aliamriwa asitoke hifadhini maisha yake yote, na kweli alifia humo. Jonny Justice akawa mbwa wa kusikiliza watoto wanaojifunza kusoma: mtoto anakaa kando yake na kitabu, anasoma kwa kukwamakwama, na mbwa hamcheki. Frodo, wa mwisho kati yao, alikufa Desemba 2021.

Hawakumsamehe yeyote. Walichofanya ni kumwamini tena binadamu, na binadamu huyo alikuwa mwingine kabisa, aliyekaa nao sakafuni miezi kwa miezi akingoja siku watakapokula mkononi mwake. Kulitaja hilo kama cheti cha msamaha cha Vick ni kuwapora mara ya pili.

Ila ni kweli kwamba nilipokuwa nikisoma habari zao nilianza kujiuliza. Ikiwa Lucas aliyefunzwa kuua alipewa nafasi ya kupimwa peke yake, nina sababu gani ya kumnyima hiyo mtu mzima mwenye akili aliyetumikia kifungo? Mwaka 2009, Philadelphia Eagles walipomsajili, nilikuwa nikisema asionekane tena uwanjani milele. Leo sisemi hivyo. Alikuwa amefilisika tangu 2008, na wadai wake aliwalipa mamilioni ya dola kwa sababu alikuwa na kazi. Mtu uliyemfungia kila mlango atalipa nini, na kwa nani? Adhabu ya mahakama ilikuwa na mwisho. Tukiiongezea yetu isiyo na mwisho, tumejifanya mahakimu bila kuapishwa.

Kuna jingine. Mwaka 2011 Vick alikwenda kwenye Bunge la Marekani pamoja na Humane Society, shirika la kutetea wanyama lililokuwa limemlaani, kuunga mkono sheria ya kuwaadhibu hata watazamaji wa mapigano ya wanyama. Sheria hiyo ilipita mwaka 2014. Wapo wanaosema alifanya hivyo kusafisha jina. Huenda. Moyo wake siuoni, na wala sihitaji kuuona. Mtazamaji anayelipa kiingilio ndiye anayeufanya mchezo ule uendelee, na yeyote anayesaidia kumtoa pale amefanya kazi ya maana.

Basi kazi apewe. Na tangazo je?

Hapa naomba tuzitazame tarehe. Nike walivunja mkataba wake Agosti 2007. Aliomba radhi hadharani mwezi huohuo. Akafungwa, akatoka mwaka 2009. Nike hawakurudi 2009. Mwaka 2010 alicheza msimu mzuri kupita yote ya maisha yake, akatajwa mchezaji bora kati ya waliorejea baada ya kuporomoka, na Julai 2011 Nike wakamsainisha tena. Toba yake ilikuwa na umri wa karibu miaka 4 wakati huo. Kilichokuwa kipya ni mkono wake wa kushoto, kwa jinsi ulivyokuwa ukirusha mpira. Angerudi akiwa mzito na mwenye kukosea pasi, nani angekuja kumweleza habari za kupewa nafasi ya pili?

Wale wenzake watatu nao walifungwa kwa kosa lilelile. Sijawahi kuona gazeti likiuliza kama wanastahili msamaha, wala kampuni ikiwapelekea viatu. Kama kweli jambo hili lingekuwa la msamaha, swali lingewahusu wote wanne. Linamhusu mmoja kwa sababu ndiye anayeuza. Udhamini ni hesabu ya biashara, na kampuni ina haki ya kupiga hesabu zake. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hesabu hiyo ni rehema.

Mshahara ni malipo ya kazi uliyofanya. Tangazo ni kitu kingine: unalipwa kwa sababu watu wanakupenda na wanatamani kufanana nawe. Picha ile ukutani inamwambia kijana awe kama huyu. Hakuna anayeidai heshima hiyo kama haki, hata asiyewahi kumgusa mnyama yeyote. Kuikosa si kuonewa.

Kwenye soka, wengi mtamkumbuka Kurt Zouma, wakati ule beki wa West Ham. Februari 2022 ilisambaa video akimpiga teke na kofi paka wake huku ndugu yake akimpiga picha. Siku iliyofuata kocha akampanga kwenye mechi, na uwanja ukamzomea, mashabiki wa timu yake wakiwemo. Adidas wakaachana naye. Klabu ikamtoza pauni 250,000 zilizokwenda kwa mashirika ya wanyama, na Juni mahakama ya London ikampa saa 180 za kuitumikia jamii bila malipo na kumpiga marufuku kufuga paka kwa miaka 5. Hukumu hii naipenda kwa sababu inalenga penye kosa. Mguu wake haukufungiwa mpira. Alichofungiwa ni mamlaka juu ya kiumbe asiyeweza kumshtaki. Nikiulizwa ni kipi kigumu zaidi kumrudishia mtu wa namna hii, ningesema ni mnyama wa kufuga, kisha tangazo, na kazi mwisho kabisa. Sisi tumezoea kubishana kinyumenyume, tunaanza na kazi. Kuhusu kitambaa cha unahodha alichopewa na klabu mwaka 2023, kusema kweli nimeshindwa kuamua, maana hicho kiko katikati ya kazi na heshima.

Mwenzake Michail Antonio aliwauliza waandishi wakati ule kama kumpiga paka ni kubaya kuliko ubaguzi wa rangi, kwa kuwa wachezaji waliopatikana na hatia ya ubaguzi walikosa mechi chache tu wakarudi. Wengi walimkasirikia. Mimi naona aliuliza swali la haki kabisa. Ni aibu kwamba paka aliamsha hasira ambayo mwanadamu aliyetukanwa kwa rangi yake hakuiamsha. Dawa yake ni kupandisha hasira ya upande ule mwingine, wa ubaguzi. Kuushusha huu hakutamsaidia mwanadamu yule hata kidogo.

Na tusidhani ni tabia ya wanaume wa michezo ya nguvu tu. Mpanda farasi Charlotte Dujardin wa Uingereza alijitoa kwenye Olimpiki ya Paris Julai 2024, siku chache kabla ya michezo kuanza, baada ya video kuonyesha akimchapa farasi miguuni zaidi ya mara 20. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lilimfungia mwaka mmoja na kumtoza faranga 10,000 za Uswisi, na shirika la Brooke, linalotetea farasi na punda, likamwondoa kwenye ubalozi wake. Medali zake 6 za Olimpiki zote alizipata akiwa juu ya mgongo wa farasi. Kwake hata lile neno kuteleza naweza kulikubali kwa shida, lakini udhamini unaotokana na mgongo wa farasi, mnyama yuleyule aliyemchapa, ningetaka ukae mbali naye kwa muda mrefu kuliko mwaka mmoja.

Najua mtaniuliza kuhusu nyama. Ninakula, na sijifanyi kuwa mikono yangu ni mieupe. Anayekula nyama anaweza kudai mnyama asiteswe kabla ya kufa. Anayecheka mnyama akiteswa ametoka kwenye habari za njaa, ameingia kwingine.

Desemba 2024 Chuo Kikuu cha Norfolk State, jimboni Virginia kwao Vick, kilimpa ukocha mkuu. Miaka 15 iliyopita ningeandika barua ya kupinga. Safari hii nilisoma habari ile mara mbili nikaona sawa, kwa kuwa hiyo ni kazi, tena ya kulea vijana wenye nguvu nyingi na pesa zilizo karibu kuwafikia. Ningetaka tu vijana hao walisikie la Moonlight Road kutoka kinywani mwake, wiki ya kwanza, mbwa wale waliouawa wakiwemo, kabla hawajalikuta wenyewe kwenye simu.