Jibu: Dawa ya seli zilizozeeka na fibroidi za mama

Waalaikumu salaam dadangu. Umeuliza kama umnunulie mamako dawa ya kuondoa seli zilizozeeka ili fibroidi (uvimbe usio saratani kwenye mfuko wa uzazi) zinywee. Usinunue. Seli hizo huacha kugawanyika lakini hazifi, hubaki zikitoa kemikali zinazosumbua sehemu za mwili zilizo karibu nazo. Watafiti wanazichunguza, ila kwa fibroidi bado ni kazi ya maabara.

Mimi hapa Malindi nilitokwa damu siku kumi kila mwezi nikihangaika na mitishamba, kumbe kiwango cha damu (hemoglobini) kimeshuka hadi 7. Niliogopa sana. Kwa hiyo kwanza apimwe wingi wa damu, halafu altrasaundi. Kama amekoma hedhi, fibroidi kwa kawaida hunywea zenyewe; akitokwa damu tena, mpeleke kwa daktari wa wanawake upesi, tafadhali.