Re: Swala wanamaliza maharagwe kando ya Saiwa, mbona wasipunguzwe kama Scotland?

Habari ndugu. Umeuliza mbona Kenya isitoe mpango wa kitaifa wa kupunguza swala kwa bunduki vile Scotland wanafanya, juu wanakumalizia maharagwe hapo kando ya kinamasi cha Saiwa.

Kwanza cheki ni nani anaingia. Mimi pia nalima upande huu wa Kitale, na naangaliaga nyayo asubuhi kabla watu wakanyage: nzohe (sitatunga, swala wa kinamasi) ana kwato ndefu zimepanuka, kulungu zake ni fupi. Usimlaumu nzohe bure.

Kama ni nzohe, bunduki sahau kabisa. Hiyo park ya Saiwa iliwekwa 1974 kwa ajili yake na ni ndogo, kama kilomita 3 mraba tu. Scotland mbwa mwitu waliisha kitambo, paa wekundu (red deer) wakazidi, wanakula miche mpaka msitu haurudi, ndio maana wanawinda kwa sheria na nyama inauzwa. Sisi uwindaji ulifungwa 1977 na shida yetu ni kinyume, nzohe ni wachache na kinamasi chenyewe kinabanwa na mashamba na mikaratusi inayofyonza maji.

Kwa hivyo piga picha za uharibifu siku hiyo hiyo, ripoti KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), uliza pia kamati ya wanyamapori ya kaunti kama mnyama huyo yuko kwenye orodha ya fidia ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Halafu usilime mpaka ukingoni mwa kinamasi, acha matete, mimi naona hapo ndio mpango wowote wa kitaifa ungeanzia.