Wasomaji Wanauliza: Sala na Tenzi za Sinagogi

SWALI: Amida, sala kuu ya Kiyahudi isaliwayo kwa kusimama, huitwa Shmone Esre, yaani "kumi na nane". Nimehesabu baraka zake mara tatu, napata 19. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho na sheria za Kiyahudi, inaeleza kwamba mwanazuoni Shmuel HaKatan alitunga baraka dhidi ya wazushi katika mji wa Yavne. Hesabu ikapanda, jina likabaki lilelile. Zigawe hivi: 3 za sifa, 13 za maombi, 3 za kufungia. Siku ya Sabato maombi yote 13 hutolewa, ikaingia baraka moja ya siku yenyewe, jumla 7.

SWALI: Nikisahau kuomba mvua katika Amida, nianze upya?

JIBU: Hutegemea umekumbukia wapi. Kwanza tenganisha maneno mawili ambayo wengi huyachanganya: "morid hageshem" (mnyeshaji mvua), baraka ya 2, ni sifa tu, "veten tal umatar" (utupe umande na mvua), baraka ya 9, ndilo ombi. Ukiliruka ombi, litie katika baraka ya 16, Shomea Tefila, kabla ya kuifunga, kisha endelea. Ukishaingia ya 17, rudi ya 9 na kufuata mpangilio kuanzia hapo. Ukishamaliza Amida yote na kurudi nyuma hatua tatu za kuifunga, hapo ndipo unapoanza upya. Makosa mengi hutokea wiki za mwanzo za msimu wa kuomba mvua, ulimi ukiwa bado na mazoea ya kiangazi, ambapo ombi halisemwi. Israeli huanza kuomba tarehe 7 Heshvan, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi. Kwingineko jioni ya Desemba 4, au Desemba 5 ikiwa Februari inayofuata ina siku 29.

SWALI: Beti za Lekha Dodi, wimbo wa kuikaribisha Sabato, hunichanganya mpangilio, ilhali utenzi wa Adon Olam huimbika kwa lahani yoyote. Kwa nini?

JIBU: Adon Olam ina mizani 8 kwa 8, kina cha mwisho "-ra" juu hadi chini, kwa hiyo lahani yoyote ya nane nane huiingia. Usimeze tu irabu fupi: be-te-rem kol ye-tzir niv-ra, ukidondosha "be" na "ye" unabaki na 6, na wimbo unachechemea.

Lekha Dodi ya Shlomo Alkabetz, wa Safed karne ya 16, ina beti 9. Herufi za kwanza za beti 8 huandika jina lake kwa Kiebrania, Shlomo HaLevi (Kiebrania huandika konsonanti tu, ndiyo maana herufi ni 8). Basi kariri herufi kwanza. Ukiruka ubeti, jina linakatika. Angalia H mbili zinazofuatana katikati, ya mwisho ya Shlomo na ya kwanza ya HaLevi: Hitnaari hutangulia Hitoreri. Kila ubeti hufungwa kwa "-la", kina cha kiitikio. Ubeti wa 9, Boi veshalom, hauna herufi ya jina. Huo huimbwa mmegeukia mlangoni.