Nitajuaje mkulima wa kahawa yangu kalipwa vizuri?

SWALI: Habari dada. Nina mgahawa mdogo wa kahawa hapa Dodoma, arabika yangu inatoka Mbozi, na anayeniletea anasema ananunua moja kwa moja kwa wakulima na anawalipa bei ya haki, hadi kwenye pakiti kaandika hivo, na pointi 85 juu yake. Wateja wananiuliza na mi sina la kuwajibu zaidi ya hilo. Nimuulizeje bila kuonekana namuita mwongo? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na nimefurahi umeuliza maana wengi wanauza tu.

Muulize kibiashara kabisa: mkulima alishika shilingi ngapi mkononi, kwa kilo ya kahawa ipi, na lini. Hapo kwenye kahawa ipi ndo watu wanapigwa. Kilo moja ya kahawa safi, ile inayoenda kukaangwa, inataka kama kilo 6 za kahawa mbivu toka shambani, sasa mtu akikutajia bei ya kilo bila kusema ni mbivu, ni ya maganda iliyokauka kwenye vichanja au ni iliyokwisha kobolewa, hajakwambia kitu. Akikuonyesha mkataba wa dola, ujue ile ni bei ya bandarini, kabla haijamfikia mkulima kuna usafiri, kukoboa, makato ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na tozo, kwa hiyo omba kuona stakabadhi za malipo ya wakulima wenyewe, na ulinganishe na bei za mnada wa Bodi ya Kahawa za msimu huohuo.

Pointi 85 ni za ladha tu, muonjaji anapima kikombe, hapimi malipo.

Akikwambia amelipa zaidi ya bei ya chini ya Fairtrade, ule mfumo wa kimataifa wa cheti cha biashara ya haki, angalia mwaka. Agosti 2023 bei hiyo kwa arabika iliyooshwa ilipandishwa hadi dola 1.80 kwa ratili (karibu nusu kilo), na senti 20 juu yake za kwenda kwenye chama cha wakulima, wanachama wanapiga kura zitumikeje. Mwaka 2001 soko la New York, ambalo bei yake ndo kipimo cha arabika duniani, lilishuka chini ya senti 50 kwa ratili, pale bei ya namna hiyo iliwaokoa watu kweli, lakini mwanzoni mwa 2025 soko lilivuka dola 4, sasa mtu akijisifu mwaka huo amelipa dola 2 kwa kweli amemnyonya mkulima.

Halafu hilo la lini usilichukulie poa. Kule Kagera kuna kitu kinaitwa butura, mkulima ana shida ya ada au mgonjwa, anachukua hela kwa mtu na kumuuzia kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, msimu ukifika anachuma mali ya mtu mwingine kwenye shamba lake mwenyewe, inauma sana. Chanzo chake ni kukosa hela miezi ile kabla ya mavuno, na mnunuzi anayekaa na kahawa miezi kibao ndo alipe anamsukuma mkulima hukohuko.

Kwa hiyo na wewe, kama unaweza, kubaliana na huyo muuzaji wako kilo na bei kabla msimu haujaanza, mpe malipo ya awali yaandikwe kabisa kwamba yanaenda AMCOS, na kila mzigo ukiingia mlipe wiki hiyohiyo.