Kabla ya kunipangia mlo, niulize kuhusu hedhi

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ushauri wa lishe na mazoezi unapaswa kutofautiana kati ya mwanamume na mwanamke. Jibu langu ni ndiyo, ingawa si kwa sababu zinazotolewa na wauza chai za kupunguza tumbo.

Mwaka jana, hapa Busia, nilijiunga na kikundi cha mazoezi ambacho mwalimu wake aligawa karatasi moja kwa watu wote: tukimbie kila alfajiri bila kula, tuache nyama, na usiku tunywe chai tu. Wanaume wawili waliokuwamo walipungua uzito wakasifiwa. Mimi nikawa nashika ukuta nikipanda ngazi, naye akasema ni uvivu. Muuguzi aliyenitoboa kidole alinionyesha kipimo kikisoma 9.2, wakati mwanamke asiye mjamzito anatarajiwa kuwa na angalau gramu 12 za himoglobini, protini inayobeba oksijeni, kwa desilita moja ya damu, kisha akauliza jambo ambalo karatasi yetu haikuligusa: "Dada, siku zako huwa ngapi, na damu hutoka nyingi?" Zilikuwa saba, tena nzito.

Damu ikitoka, madini ya chuma hutoka nayo; ndiyo maana viwango vya lishe vya Marekani humwekea mwanamke wa miaka 19 hadi 50 miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku, na mwanamume wa umri huo miligramu 8, ilhali sahani ya mwanamume ndiyo hujazwa zaidi. Muuguzi hakunikataza posho (ugali) wala maharage. Pamoja na vidonge, aliniambia niongeze dodo (mchicha) na mukene (dagaa), nile chungwa au pera wakati wa mlo, na chai niisogeze mbali na chakula, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo katika mimea.

Wasichana wanaotamani kufuata nyayo za Peruth Chemutai, mwanariadha wa Uganda aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki jijini Tokyo mwaka 2021, nao waambiwe wazi kwamba hedhi ikikatika kwa sababu ya kukimbia sana na kula kidogo, huo si ukomavu wa mazoezi, bali mwili unabana matumizi, na mifupa ndiyo hulipa. Hata hivyo, sikubaliani na wanaotupatia wanawake vyuma vyepesi vya kunyanyua kwa kisingizio cha maumbile. Vyuma vizito vinatufaa pia.

Nimerudi mazoezini siku tatu kwa wiki, baada ya kunywa uji. Mwalimu bado anagawa karatasi ile ile.