Wazazi wanaogopa nyoka wa Kolo

SWALI: Shikamoo mzee. Nafundisha shule ya msingi hapa Dodoma mjini. Mwezi Machi nataka kuwapeleka watoto 40 wa darasa la sita Kolo, Kondoa, wakaone michoro ya miambani. Wazazi wanaogopa nyoka. Niwajibu nini?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nyoka wapo, lakini wengi wao wakisikia kishindo cha miguu ya watoto 40 hujiondokea wenyewe. Wakataze tu kuingiza mikono kwenye mapango na chini ya mawe.

Mimi naogopa nyuki. Nimeongoza wageni kule miaka mingi, na siku moja mtoto alirusha jiwe kwenye ufa wa mwamba. Tulisikia mvumo kwanza, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Kisha wakatoka. Waliokimbia moja kwa moja waliumwa mara mbili tatu. Aliyesimama akiwapunga kwa mikono ndiye aliyeumwa hadi masikioni. Nyuki akiuma huacha mwiba wenye harufu inayowaita wenzake, kwa hiyo kumpiga ni kuwaongeza. Wafundishe wanafunzi kabla ya safari: funika uso kwa shati, kimbia, usisimame mpaka uingie kwenye gari. Mwiba ukwanguliwe kwa ukucha hapohapo. Mtoto akivimba midomo au akipumua kwa shida, mpelekeni hospitali bila kungoja hata dakika moja.

Sasa Machi. Hapo sikubaliani nawe kabisa. Ni masika, mawe yanateleza, na korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linaweza kujaa mchana kwa mvua iliyonyesha mlimani, nanyi hamkuona hata wingu. Sogeza safari hadi Julai. Michoro haiendi popote. Imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, na yenyewe ni ya kale mno. (Wasiimwagie maji ili rangi ing'ae, nakuomba sana. Inafutika.)

Mkifika, anzieni ofisi ya mambo ya kale pale Kolo mpewe mwongozaji. Pandeni asubuhi, kila mtoto na maji yake lita moja na nusu, viatu vya kufunga, si ndala. Mtu mzima mmoja atangulie, mwingine awe wa mwisho, na mhesabu watoto kila mnapopumzika.

Tena waulize wazazi nani mwenye mzio wa nyuki au pumu. Jina lake liwe mfukoni mwako kabla basi halijaondoka.