Kinyoya kipya kila baada ya pointi chache?

SWALI: Kwenye mashindano ya dunia ya badminton, wachezaji huomba kinyoya kipya (kile kinachopigwa kwa raketi badala ya mpira) kila mara. Ni ujanja wa kuvuta pumzi?

JIBU: Wakati mwingine ndiyo, na mwamuzi anaweza kukataa. Lakini sababu ya kweli ipo. Kinyoya kina manyoya 16 yaliyopachikwa kwenye kizibo, na chote kina uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50 tu. Smashi moja kali, yaani pigo la nguvu la kushuka chini, inaweza kuvunja ubua wa unyoya mmoja; hapo kinyoya huyumba hewani na kutua pasipotarajiwa. Kitazame kwa karibu: ukiona unyoya umepinda, hakifai tena.

Kasi nayo hupimwa. Simama nyuma ya mstari wa mwisho, kipige kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu, sambamba na mstari wa pembeni. Kinatakiwa kitue sentimita 53 hadi 99 kabla ya mstari wa mwisho wa upande wa pili. Kwenye joto hewa huwa nyepesi, kinyoya hupitiliza, kwa hiyo huchaguliwa cha kasi ndogo, mfano chenye namba ya kasi 76 badala ya 77. Kukunja ncha za manyoya ili kukipunguza kasi katikati ya mechi ni kosa.